Nyumba ya Serikali Kando ya Makaburi

Kunduchi ya utoto wangu ilikuwa na makaburi karibu mno na bahari. Wazee waliopachagua hawakukosea, wakati wao ufuko ulikuwa mpana. Bahari ndiyo iliyosogea. Mwaka aliozikwa baba yangu, maji makubwa ya bamvua yaliondoka na safu ya mbele, wanaume wakaokota mifupa mchangani na kwenda kuisitiri kwingine. Kati ya baba na maji zikabaki safu mbili. Mama alikwenda kuzitazama kila asubuhi kabla ya kuwasha moto. Aliogopa, na mimi kwa kumwona anaogopa nikaichukia bahari kama jirani mchokozi.

Jumbe wetu alikuwa mjomba wake mama. Alimwomba Bwana Shauri, mzungu aliyetawala wilaya, atujengee ukuta wa mawe, kama ule tulioambiwa umejengwa mjini mbele ya nyumba za wazungu. Bwana Shauri akaja, akaketi, akauliza swali moja tu: "Hapa pana mali gani ya Serikali?"

Jumbe akasema hakuna. Basi Bwana Shauri akaeleza, bila ukali wowote, kwamba fedha ya Serikali hulinda mali ya Serikali. Wanaume wetu walikuwa wakilipa kodi ya kichwa kila mwaka, lakini vichwa vyenyewe, naona, havikuhesabiwa kuwa mali.

Jioni ile mama alikwenda kwa jumbe, nami nikamfuata.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

"Serikali haina nyumba hapa. Sasa si tuipe?"

"Tuipe nini?"

"Kiwanja changu."

Jumbe alicheka mpaka akakohoa. Kiwanja chetu kilikuwa ubavuni mwa makaburi, na nyumba yetu imo humo. "Umechanganyikiwa wewe? Utalala wapi na mwanao?"

"Kwa dada yangu. Mwambie yule bwana aache kulala kwenye hema, mbu watammaliza. Ajenge hapa."

Nilimkasirikia mama siku nyingi. Nyumba ile nilizaliwa ndani yake, na hakuna aliyeniuliza.

Jumbe alipompelekea neno hilo, Bwana Shauri alifurahi. Ikajengwa nyumba ya mawe na bati, ya kufikia maofisa walio safarini, pale pale palipokuwa jiko letu. Maji ya bamvua yalipofika kwenye ngazi zake, fedha ya ukuta iliyokuwa haipo ikapatikana. Wakaja mafundi, yakaja mawe na chokaa, na vijana wa kwetu wakapata vibarua. Fundi mkuu alisema ukuta ukiishia kwenye pembe ya nyumba maji yatazunguka, kwa hiyo ukaendelezwa hadi mwisho wa makaburi. Baba akapona.

Jambo ambalo mama hakulifikiria ni senyenge. Waya ule ulizunguka nyumba na makaburi pamoja, na langoni akawekwa askari. Asiye na kazi ndani haingii. Mama alisimama nje akilitazama kaburi kupitia waya, nikajua sasa atalia. Akamuuliza askari ni nani anayefagia humo ndani.

Hakuwapo mtu, kwa hiyo kazi akapewa yeye. Akawa anafagia kwanza baraza ya maofisa, kisha anavuka uwanja kwenda kufagia kaburi la baba na kung'oa majani. Siku moja Bwana Shauri, akinywa chai barazani, alimwita.

"Mama, wewe unalipwa kufagia nyumba. Kule unafuata nini?"

"Kule yuko mwenye nyumba, bwana."

Kwetu mwanamke hamtaji mumewe kwa jina. Humwita mwenye nyumba, akiwa hai na hata akishazikwa. Bwana Shauri alikuwa na Kiswahili cha kusomea, hilo hakulijua. Akatabasamu kama anayemsahihisha mtoto.

"Hapana, mama. Mwenye nyumba ni Serikali."

Mimi ningemjibu. Sikurithi subira ya mama yangu. Yeye alisema, "Ndiyo, bwana," akachukua ufagio wake, akarudi kwa mumewe.