Settings za matangazo ya kanisa zilivyoifuata hotuba yangu ya posa

Wakuu, salamu kutoka Bunia. Ninayoyaandika hapa ni kweli tupu, na mashahidi ni waumini wote wa kanisa letu.

Mimi ni fundi kompyuta, na kila Jumamosi nachapa matangazo ya kanisa kwa Emacs. Kwa wasioijua, ni editor unayoweza kuiagiza mambo mpaka uchoke wewe. Unaandika mistari michache chini kabisa ya faili, na settings hizo zinahusu faili hiyo tu.

Kwenye faili ya matangazo niliweka agizo: kila niki-save, ichapwe moja kwa moja kwenye printer ya ofisi.

Emacs ikaniuliza kama agizo hilo ni salama. Nikajibu ni salama, na isiniulize tena. Shikeni hapo.

Mama Dorika, secrétaire wa kanisa, ana kanuni moja: karatasi ikitoka kwenye printer Jumamosi ni tangazo, na tangazo linasomwa Jumapili. Haulizi.

Sasa, nilikuwa namtaka Furaha, mwimbaji wa chorale yetu. Kikwazo kilikuwa baba yake, Papa Zakaria, fundi wa pikipiki, anayeamini kwamba mtu asiyechafuka mikono hana kazi. Alinipa nafasi moja tu ya kwenda kwake Jumapili mchana kujieleza. Furaha alinionya kabisa: baba akikataa, amekataa. Roho ilikuwa juu juu.

Jumamosi nikakaa chumba cha pili kutoka ofisini kuandika hotuba. Sisi huku hakuna anayeanza na karatasi tupu, tunachukua model ya zamani tunabadilisha. Nikafungua matangazo, nikafuta ya juu, nika-save kwa jina jipya. Chini kabisa sikushuka.

Betri ya laptop yangu ni marehemu, inaishi kwa waya, na courant ikikatika kazi yote imekwenda. Kwa hiyo huwa na-save kila baada ya sentensi mbili tatu. Siku hiyo haikukatika hata mara moja! Nikasema Mungu yuko upande wangu.

Nje chorale walikuwa wanapiga ngoma za mazoezi. Printer sikuisikia.

Nilianza hivi: "Papa, sina kitu kikubwa. Ninampenda Furaha. Nikimsikia akiimba nasahau hata njaa."

Nikaona aibu, nikafuta. Nikaandika nina ofisi. Nikaongeza wafanyakazi. Mwishoni nilikuwa ingénieur mwenye miradi mpaka Niania.

Jumapili Mama Dorika akasimama na bunda la karatasi. Akasoma zote, kwa mpangilio, kwa ile sauti yake ya msiba.

Kanisa lilianza kucheka kidogo kidogo. Nilipofika cheo cha ingénieur, hata mchungaji alikuwa amejifunika Biblia usoni. Furaha alijificha nyuma ya wenzake. Nikautafuta mlango, vijana wa protocole wanaopokea watu walikuwa wameuziba, nao wanacheka.

Baada ya ibada Papa Zakaria alikuwa ananingoja uani.

"Mutoto, ile karatasi ya kwanza, ni weye njo uliandika?"

"Ndiyo, papa."

"Na ya mwisho?"

"Ni mimi tu, papa."

"Sasa mwanaume gani iko anakuja kwangu leo? Wa kwanza ao wa mwisho?"

"Wa kwanza, papa."

"Bon. Ule wa kwanza akuje, chakula iko. Ule ingénieur abakie mu mashini."

Wakuu, sikumbuki nilichokula, ila nilikula sana.

Funzo: ukikopi faili, shuka mpaka mstari wa mwisho. Settings zinasafiri na faili, na ukishasema "usiniulize tena", hutaulizwa kweli.

Furaha anasoma nyuma ya bega langu, anasema karatasi ya kwanza anayo yeye na hairudishi. Mama Dorika naye anajiita mshenga, anataka kitenge.

Nanyi editor imewahi kuwaumbua? Mwageni hapa chini. Uzi huu nime-save mara moja tu.