Marungu Mawili ya Ndolo

Zamani rungu lilirushwa likamwangusha kanga kabla hajakunjua mabawa. Siku hizi linazunguka kwenye kioo cha kompyuta kama kuku wa kuchomwa dirishani mwa hoteli.

Kisilu wa Kalamba alirithi marungu mawili ya mpingo kutoka kwa baba yake, Ndolo. Uwindaji ulipopigwa marufuku, wenzake waliyatia yao mekoni. Yeye aliyaning'iniza juu ya kitanda, na kila Jumamosi akayapaka mafuta ya mbarika, maana mti ukikauka hupasuka. Hakukosa Jumamosi hata moja, hata ile aliyomzika mkewe.

Mwaka jana akaja Mutindi, binti ya dada yake, aliyeajiriwa na mradi wa kuhifadhi silaha za kale kwa kompyuta.

"Mjomba, tutayafuta mafuta kwanza, kisha tuyapulizie unga mweupe. Mashine ya kupiga picha haioni kitu kinachong'aa."

"Kumbe ni kipofu! Na mnataka nimvue baba nguo ili kipofu amwone?"

"Ni siku moja tu, Mjomba. Dunia nzima itayaona."

"Dunia nzima inawinda nini?"

Lakini damu nzito kuliko maji. Akampa, na chupa ya mafuta juu.

"Kazi ikiisha, yapake siku hiyo hiyo. Usiyalaze makavu."

Wiki tatu zikapita kimya. Kisilu akafunga safari hadi mji wa Kwa Vonza, akamkuta mpwa wake ofisini, chini ya mabati yenye joto la tanuri. Mutindi akamwonyesha kioo kwa furaha. Humo marungu yalizunguka yakimeremeta, mng'ao wa kutiwa na kompyuta.

"Na yenyewe yako wapi?"

Yalikuwa kwenye katoni nyuma ya mlango, yamepauka kama miguu ya mtoto asiye na wa kumpaka mafuta, yamepasuka kutoka kichwa hadi mpini. Chupa ilisimama kando, kifuniko hakijaguswa.

"Mmeipaka picha mafuta," Kisilu alisema, "mti mkaunyima."

"Nisamehe, Mjomba. Kazi zilinizidi. Lakini hata yakiharibika, si yamehifadhiwa?"

"Basi hayo ya kiooni mrushieni kanga wa kiooni!"

"Ngoja nikufungie uende nayo nyumbani."

"Nikaning'inize maiti juu ya kitanda? Uliyeyaua ni wewe. Kaa nayo."

Mlangoni aligeuka. Mutindi alikuwa ameketi sakafuni, ameyapakata, ameifungua chupa, akiyapaka kwa pindo la leso yake. Mafuta yalizama nyufani, na mti haukung'aa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Kisilu kuyaona.