Harufu Chini ya Kiti cha Bibi Harusi

Nakumbuka siku moja kwa pua kabla sijaikumbuka kwa macho. Mpaka leo nikipita kituo cha petroli, mkono wangu hukaza usukani wenyewe na jasho hunitoka mgongoni. Sikuwahi kukwambia sababu, mwanangu. Leo nitakwambia, maana jana mama yako alinipigia simu kutoka Bungoma. Alisema umelifungua gari lako pale nyumbani kwako Matisi, Kitale, unaliwekea pampu kubwa ya mafuta na nozeli mpya za kunyunyizia petroli kwenye injini, na kwamba Jumamosi ndilo litakalombeba dada yako kanisani. Kisha akasema, "Kaka, mwambie." Sikuuliza nimwambie nini.

Nakuita mwanangu ingawa umezaliwa na dada yangu. Kaa basi, uache hizo spana zako kidogo. Mzee akianza kusimulia, gari halikimbii.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa dalali wa mahindi, nimepanga nyumba huko huko Matisi, tena si mbali na hapo unapokaa. Mkononi nilikuwa na gari la turbo kutoka Japani, jeupe, la chini, linalonguruma mpaka watoto wanaacha mpira kulitazama. Nguvu liliyokuja nayo haikunitosha. Nikaongeza nguvu ya turbo, na ikawa kila nikilikanyaga sana linakohoa, kwa sababu pampu yake ya mafuta haikuweza kuishibisha injini. Vijana wa upande wa shemeji yangu mtarajiwa walilisikia likikohoa siku moja mjini Bungoma. Wakacheka, wakauliza kama limeshikwa na kifua. Kwa kicheko hicho tu, mwanangu, nusura nimuue mama yako.

Ndiyo, mama yako. Yeye ndiye aliyekuwa akiolewa Jumamosi ile, na mimi kaka yake mkubwa ndiye niliyepewa kazi ya kumtoa nyumbani kwetu Tongaren hadi kanisani Bungoma. Niliapa kwamba msafara wa wale vijana utaniona kwa vumbi tu.

Nikanunua pampu kubwa na nozeli. Nozeli zilikaa vizuri, sikatai, mikono ninayo. Pampu ndiyo iliyonisumbua. Tangi la gari lile lilifunguliwa kutoka chini ya kiti cha nyuma, na mpira mfupi uliounganisha mdomo wa tangi na bomba la kwenda injini haukufika tena, maana pampu mpya ilikaa tofauti. Nikaenda kwa fundi mmoja wa Kipsongo, mtu mtulivu, mwenye kucha nyeusi na maneno machache.

"Huu mpira lazima ukuwe ule wa petroli, wa kushika presha," akaniambia. "Hapa sina. Ngoja Jumanne utoke Eldoret."

"Jumanne? Harusi ni kesho kutwa, bana!"

"Basi rudisha ile pampu ya zamani. Si gari ilikuwa inatembea? Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu, nikaondoka nimejiona mjanja. Methali ni nyingi, mwanangu, na mjinga hakosi moja ya kumtetea.

Nyumbani kulikuwa na bomba ya dawa ya mahindi, ile ya kubebwa mgongoni, ambayo baba alikuwa amenipa nimpelekee kwa fundi. Ijumaa nikautazama mpira wake. Unene ule ule, tundu lile lile. Nikaukata kipande cha kama shubiri moja. Ukaingia kwenye mdomo wa tangi kana kwamba ulizaliwa hapo. Nikaukaza kwa klipu mbili, huku jirani yangu akikoleza jiko la makaa hatua kumi kutoka kwenye tangi lililo wazi. Aliniuliza kama alisogeze. Nikamwambia asijali, yuko mbali. Nikilikumbuka jibu hilo huwa natamani kujizaba kofi.

Nikawasha. Hakuna hata tone. Nikatoka nalo mpaka Kiminini na kurudi, na lo, gari lilikuwa limepona kifua! Lilivuta mpaka shingo ikarudi nyuma. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Niliporudi, skrubu za kile kifuniko cha chuma kinachokaa juu ya tangi sikuziona nilipoziweka, na kiza kilikuwa kinaingia. Nikakiegesha hivyo hivyo, nikarudisha kiti juu yake, nikasema nitakifunga vizuri baada ya harusi.

Asubuhi ya Jumamosi niliondoka Kitale mapema, nimevaa suti. Kabla sijafika mbali nikaisikia harufu. Ilikuwa nyembamba, inakuja na kupotea. Nikajiambia ni petroli iliyomwagika jana. Baadaye ikaja na haikupotea. Nikafungua vioo vyote.

Hapo, mwanangu, ndipo kosa langu lilipo. Ule mpira ulikuwa ujinga, na ujinga husamehewa. Lakini kufungua kioo kulikuwa uongo, kwa sababu moyoni nilikwisha kujua. Ningesimama kando ya barabara, ningeinua kiti, ningeona. Sikusimama kwa sababu niliogopa kuona. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilikuwa nayaficha maradhi ya gari huku naenda kumpakia dada yangu.

Tongaren nilikuta boma limejaa. Akina mama walikuwa wamewasha majiko manne ya mafiga kando ya jikoni, masufuria ya kuku na mchele yanatokota, moshi kila mahali. Mimi nami, kwa kutaka kuonwa, nikaliegesha gari karibu na jikoni, maana kila mtu alipita hapo. Wasichana wakalifunga riboni. Nilipopata nafasi nilichukua chupa ya marashi, nikanyunyiza kiti cha nyuma mpaka kikalowa.

Mama yako akaletwa. Gauni lake lilikuwa la nailoni, pana, limejaa kiti chote cha nyuma. Mama yangu, nyanya yako, akaketi mbele, akakunja uso.

"Mbona hapa kunanuka hivi?"

"Ni marashi mapya, mama."

Nilimdanganya mama yangu mchana kweupe, siku ya harusi ya binti yake. Yeye akaniamini, akafunga mkanda.

Sasa ilibaki kitu kimoja. Unajua kwetu msichana haondoki mpaka mjomba wake amwekee mkono kichwani na kumtamkia baraka. Mjomba wetu, kaka yake mama, alikuwa Mzee Barasa, mwenye mashine ya kusaga unga pale sokoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti moja la miaka yote, na kiko kilichokuwa hakimtoki mdomoni. Nilimwona akija kutoka upande wa zizi, anatembea taratibu, moshi unamfuka. Saa zilikuwa zimekwenda. Mimi nilikuwa nimeshika ufunguo tayari, nawaza tu akimaliza niwashe.

Akafika kwenye kioo cha mlango wa nyuma, kilichokuwa wazi. Akanyoosha mkono kumfikia dada yangu Nekesa, akainama.

Akasimama hapo hapo, nusu ameinama. Niliona tundu za pua yake zikitanuka. Kisha akarudi kinyumenyume, hatua moja, mbili, tatu, bila kugeuka. Akakitoa kiko mdomoni, akakizima kwa kidole gumba chake mwenyewe, ndani ya moto. Hakukunja hata uso.

"Wewe," akaniambia, sauti ya chini kabisa. "Toa mkono kwa ufunguo."

"Mjomba, tumechelewa. Pasta anangoja."

"Pasta atangoja. Hii haitangoja. Toa mkono."

Nikautoa. 

"Nekesa, mtoto wangu, shuka. Polepole. Usivute hilo gauni kwa kiti, liinue tu. Dada," akamwambia mama, "na wewe shuka. Nendeni kwa nyumba, msikimbie."

Dada yangu alishuka akilia, anafikiri amenyimwa baraka. Kiatu chake kimoja cheupe kilinasa mlangoni, kikaanguka chini. Alitaka kukiokota, na mjomba akamwambia, "Wacha!" kwa namna ambayo akakiacha.

"Wanaume, sukumeni hii gali mpaka kule kwa shamba. Mtu asiwashe! Na nyinyi akina mama, zimeni moto, mwagieni mchanga, si maji!"

Wanaume sita wakaegemea. Mimi nikashika usukani kutoka nje, nikitembea kando ya mlango na suti yangu. Gari likateremka polepole mpaka kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, kwenye mabua makavu. Nikatazama nyuma. Pale lilipokuwa limesimama udongo ulikuwa umelowa, na mstari wa matone ulitufuata kama mkojo wa ng'ombe aendaye. Akina mama walikuwa wamezima majiko matatu. La nne walikuwa bado wanalifikia.

Sikuona cheche. Nilisikia tu sauti, kama mtu anapokung'uta blanketi zito, mara moja. Moto ukasimama pale pale gari lilipokuwa, kimo cha kiuno cha mtu. Watu wakapiga mayowe. Vijana wakaja na makoleo wakatupa udongo, wakaukatiza ule mstari kabla haujashika njia ya shambani, na baada ya muda mfupi ukafa. Palibaki duara jeusi. Katikati ya duara kulikuwa na kile kiatu, kimejikunja, kinatoa moshi.

Nilitapika, mwanangu. Nilishika magoti yangu katikati ya mabua, nikatapika.

Mjomba hakunipigia kelele. Ningemshukuru kama angefanya hivyo. Alisubiri nimalize, akatenganisha betri mwenyewe, akaniamuru niinue kiti cha nyuma. Juu ya tangi petroli ilikuwa imetuama, na kile kifuniko nilichokiegesha kilikuwa kimeteleza upande. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama uji wa jana. Akauchomoa kwa vidole viwili, bila spana, na klipu zangu zote mbili zikiwa mahali pake.

"Huu ni mpira wa nini?"

"Wa bomba ya dawa, mjomba."

"Hiyo dawa ni maji. Petloli inakula huu mpira. Haikuonyesha jana kwa sababu jana ilikuwa bado inakula." Akaukung'uta, akaniwekea kiganjani. "Mimi nikifungua kitu ya mafuta kwa mashine yangu, nikishakifunga, naweka unga mkavu chini yake, halafu nafunga mlango naenda kulala. Hakuna mtu anasaga mpaka nione huo unga asubuhi bado ni mkavu. Watu wanatukana mimi sokoni, ati mzee ni mvivu. Wacha watukane. Hawajawahi kuzika mtu kwa sababu yangu."

Kisha akaniuliza, "Ulisikia halufu?"

Ningeweza kusema hapana.

"Nilisikia," nikasema. "Tangu njiani."

Akatikisa kichwa, akaniacha hapo, akaenda nyumbani kumwekea dada yangu mkono kichwani.

Mama yako alikwenda kanisani ndani ya kanta, lori dogo la jirani la kubeba mahindi, na miguuni alivaa malapa ya bluu ya nyanya yako, kwa kuwa miguu ya mama na bintiye ilikuwa sawa. Ile picha ya harusi iliyoko ukutani kwenu, ambayo wewe na dada yako mmeicheka tangu mkiwa watoto, mkimwita bibi harusi wa bafuni, sababu yake ndiyo hiyo. Nilimwomba asiwaambie. Amenihifadhi zaidi ya miaka ishirini, akachekwa na watoto wake mwenyewe ili mimi nisione haya mbele yenu. Wala hajanilaumu hata siku moja. Nampenda dada yangu kwa namna nisiyoweza kuisema.

Basi sikiliza. Sikukatazi gari la mbio. Nitakuwa mnafiki nikikukataza, na nikiliona lako linavyovuta bado moyo hunidunda. Lakini mpira wa petroli tafuta wa petroli, hata ukifika mwezi ujao. Tangi lifungue nje, mbali na jiko la jirani, betri ukiwa umeitenganisha, na jirani akikuuliza kama asogee, mwambie asogee. Ukishafunga, weka unga chini, ulale, uutazame asubuhi, na asubuhi ya pili pia. Siku hizo zote likubebe wewe peke yako. Usimketishe mtoto wa mtu juu ya kitu unachokijaribu. Na siku utakapoisikia harufu, mwanangu, simama. Usifungue kioo. Maishani kuna harufu nyingi ambazo si za petroli, na wengi wetu tumezifungulia kioo tukaendelea na safari.

Mzee Barasa alikwisha kutangulia, Mungu amweke pema. Kidole chake gumba kilibaki na kovu mpaka tulipomzika. Jumamosi hii mjomba wa bibi harusi ni mimi. Mimi ndiye nitakayeinama kwenye kioo cha gari lako, dada yako akiwa ndani na gauni lake, na kabla sijanyoosha mkono nitavuta pumzi ndefu.

Mungu aibariki mikono yako, aipe subira kuliko aliyoipa yangu. Akufikishe na dada yako mkiwa wazima, na watoto wenu wawacheke kwa mambo madogo tu. Viatu vyake vyote viwili vifike madhabahuni.

Na tafadhali, usinyunyize marashi.