Majani Yaliyopata Homa

Enzi zetu kule Kimulot, baridi ya kutoka msitu wa Mau haikuwa na adabu. Tuliota moto jikoni mpaka miguu ikapata madoa, kisha tukatoka na kiazi cha moto mfukoni: kwanza kilipasha mikono, baadaye kililiwa. Lakini raha kubwa zaidi, kwangu na kwa dada yangu Chebet, ilikuwa majani chai.

Wenzangu mliokulia kwenye chai mnajua. Jani likichumwa halifi papo hapo. Ukilishindilia, linaanza kutoa joto lenyewe, bila moshi wala kiberiti. Ndiyo maana mama zetu waliyamwaga majani kwenye sakafu ya kituo cha kununulia chai, wakayageuzageuza yapate hewa wakingoja lori. Jani lililopata joto hugeuka jekundu, na karani hulikataa. Mama yangu alikuwa hajawahi kukataliwa hata kiganja kimoja. Sifa hiyo aliivaa kama kitambaa cha kanisani.

Siku moja tukiwa kituoni na mama, lori lilikwama njiani kwenye matope. Mama akakumbuka ng'ombe hajakamuliwa.

"Chepkoech, geuza hayo majani mpaka nirudi. Na msiyakalie!"

Tukageuza mara mbili, tatu. Mvua ikaanza kupiga mabati. Chebet akaniangalia, nikamwangalia. Tukayarundika yote konani, tukayakanyaga vizuri, tukazika miguu mpaka magotini. Mwanzoni yalikuwa baridi. Kisha joto likaja polepole, kama la tumbo la ndama, na harufu tamu ya tunda lililoiva. Tukalala fofofo.

Niliamshwa na karani, mkono wake umezama kwenye rundo mpaka kiwiko.

"Mama Chepkoech! Majani yako yana homa!"

Mama alikuwa mlangoni, analowa. Kisha jirani yetu Mama Njeri akaangua kicheko: "Ngai! Hawa watoto wamepika chai na nyayo! Nani ako na kikombe?"

Kibanda kizima kikacheka, hata mama. Wanawake wakalivamia rundo, wakayarusha majani juu kwa mikono miwili, mvuke ukipanda. "Karani, ngoja kwanza yapoe!" Mabichi yakapona. Mekundu yakajaa kikapu kimoja, na Mama Njeri akakikalia, sketi yake ikakifunika chote.

Karani akakuna kichwa. "Haya, leteni ya kupima. Hayo mengine mimi sijayaona."

Nilibebeshwa kile kikapu nikakimwage kwenye migomba yetu. Njia nzima mgongo wangu ulikuwa na joto zuri, nami nikajifanya nateseka.

Kesho yake alfajiri nikamkuta mama kwenye migomba, miguu yake imezama ndani ya lile rundo, macho ameyafumba. Akanisikia.

"Ukimwambia mtu," akasema, "utageuza majani mpaka siku ya kuolewa."

Sikumwambia mtu. Ila nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa kemia aliuliza nani ameona kitu kikitoa joto bila moto. Nikasema majani chai. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akatueleza kwamba jani huendelea kupumua, hutumia sukari yake, na joto linalotoka likikosa njia hujaa humo humo. Siku hiyo nilijiona profesa wa nyayo.

Tangu hapo nimehama miji mingi, kila chumba na baridi yake. Mwanangu anayajua mabadiliko hayo yote ya jani kupitia simu, na majina yake magumu. Likizo iliyopita nilimpeleka kwa bibi yake. Mama, ambaye sasa mgongo wake umepinda, alimkabidhi majani ya asubuhi: "Geuza. Usiyakalie."

Mtoto akageuza kwa utiifu mpaka lori likafika, sweta mbili mwilini na koti juu yake. Hakuna jani hata moja lililopata joto.

Mama akanitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Watoto wa siku hizi," akasema, "hata baridi hawasikii."