Bustani Isiyokuwa na Mti

Kila ninaponusa majani yaliyong'olewa asubuhi, udongo mbichi ukiwa bado kwenye mizizi, narudi mtaani kwetu Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwa mtoto mwenye hasira asiyejua amkasirikie nani.

Karibu na kwetu palikuwa na kiwanja kitupu, jaa la matumbo ya samaki na nyavu mbovu. Mama, aliyekuwa akiuza ndagala, yaani dagaa, wakavu sokoni, aliwakusanya majirani, na kila Jumamosi wakafyeka, wakazoa taka, wakapanda majani na maua mpaka pakapendeza. Sisi watoto tukapafanya petu. Kilichotukera ni jua tu. Shabani seremala, aliyekuwa mgeni mtaani, alileta miche ya miembe, mama akairudisha. Nilipomuuliza tutapata wapi kivuli, aliniambia nikavae kofia. Sikuwa hata na kofia.

Siku moja akaja mwanamke na mizigo yake, katoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Alizunguka taratibu katikati ya maua yetu akionyesha kwa kidole: hapa mlango, hapa jiko. Nilidhani hana akili timamu, nikakimbia kumwita mama aje amfukuze. Mama alipomwona alimkumbatia, na hawakuachana upesi.

"Asha, kiwanja iko yako," alimwambia. "Hatukuweka hata muti moja. Tulijua mutarudi."

Jumamosi iliyofuata majirani walewale, kwa majembe yaleyale, waling'oa kila kitu ili Asha ajenge. Mama alikuwa mbele yao, mara analia, mara anacheka, nami sikujua nishike lipi. Niliyalilia maua yangu kwa uchungu, na kwa muda mrefu sikumwamkia Asha mpaka nisukumwe.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa. Familia ya Asha ilikimbia wakati wa vita, na wenye tamaa wakakitolea macho kiwanja chao. Nani angethubutu kujenga juu ya maua ya mtaa mzima? Lakini mti ni jambo jingine. Kwetu anayepanda mti amesema ardhi ni yake. Wakubwa wote walilijua hilo, ila mbele yetu hawakutaja jina la aliyekimbia. Mimi nilidhani mama amenyang'anywa bustani yake. Kumbe siku ile ya kung'oa ndiyo aliyokuwa akiiombea tangu alipopanda ua la kwanza.