Fundi Anayenusa Kompyuta za Malori

Bi Risasi haanzi na mita ya kupimia umeme. Anafungua skrubu za kasha la bati, anainua mfuniko, kisha anainamisha uso na kunusa.

"Shombo," anasema. "Njoo unuse mwenyewe."

Dereva anasogeza pua kwa mashaka, halafu anairudisha haraka. Kweli, kompyuta ya injini ya lori lake inanuka kama samaki wa juzi.

Harufu inatoka kwenye kapasita, vikopo vidogo vilivyosimama juu ya saketi, ambavyo kazi yake ni kuutuliza umeme ili kompyuta isiyumbe. Ndani yake mna majimaji. Lori likizeeka, joto la injini huvichosha, vikaanza kuvuja, na majimaji hayo yakazila njia za shaba taratibu. Asubuhi gari linakwenda vizuri tu. Likishapata moto, linazima ghafla mlimani.

Dereva huyu, ambaye wenzake humwita Mwendopole, ameshabadilisha pampu ya mafuta na nozeli zote. Mafundi wamemzungusha mpaka amechoka.

"Nilishaongea na watu wa vyuma chakavu," anasema. "Shemeji yangu ndiye aliyenizuia. Akaniambia, kabla hujaliua, hebu mpelekee yule mama wa redio."

Chumba cha mama wa redio kimepakana na gereji. Kina meza moja, dirisha, taa yenye lenzi, na rafu ya redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Kulehemu nyaya kwa risasi alifundishwa na baba yake, na jina la Bi Risasi lilimganda tangu usichana.

Malori, hata hivyo, hakuyaendea kwa kutafuta riziki. Aliyemfikisha huko ni mumewe, anayekaa kwenye benchi mlangoni, mguu wa kushoto umenyooka kwa sababu haukunji tena.

"Lilizima nikiwa mlimani na mzigo," anasimulia mume huyo, aliyekuwa dereva kwa sehemu kubwa ya maisha yake. "Usukani ukawa mzito, breki zikagoma. Tukarudi kinyumenyume hadi mtaroni."

Tajiri wake alisema alisinzia. Wengine wakaongeza chumvi, wakasema alikuwa amelewa. Kazi ikaota mbawa, na heshima ikaifuata.

Kilichomuuma Bi Risasi kuliko yote kilikuja baadaye.

"Siku moja tunakula, akaniuliza, 'Au kweli nilisinzia, mke wangu?' Nikaweka kijiko chini. Watu walikuwa wamemsema mpaka akawaamini."

Kesho yake alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu lilikotupwa lile lori, akaliomba kasha, akaja kulifungua mezani pake.

"Harufu ilinipiga bisibisi ikiwa bado mkononi. Redio za zamani zikifa hunuka hivyohivyo. Nikamwita. Nikamwonyesha. Aliangalia, akaangalia, halafu akaomba maji ya kunywa."

Tajiri hakubadili kauli yake. Lakini madereva walisikia, na makasha yakaanza kuja.

Sasa anang'oa vikopo vya Mwendopole kimoja kimoja, anasafisha saketi kwa spiriti, na pale shaba ilipoliwa anaunga waya mwembamba kama unywele. Kisha anaweka vikopo vipya, akihakikisha mara mbili upande wa hasi.

"Ukikigeuza, kinakupasukia usoni," anaeleza.

"Unadhani kwa nini mimi nakaa mlangoni?" mumewe anadakia.

Kasha linarudi garini, na injini inawaka. Lakini kuwaka si hoja, mtihani uko mlimani. Mwendopole anamgeukia mwenye benchi.

"Kaka, panda twende. Wewe unajua linavyoanza kuugua."

Tangu ajali, mtu huyu hajakanyaga ngazi ya lori. Kila akiombwa husingizia mguu. Bi Risasi anafuta meza ambayo tayari ni safi. Nyuma yake anasikia fimbo ikigonga sakafu, halafu Mwendopole akisema, "Taratibu, nimekushika," halafu mlango wa lori.

Mpaka wanarudi, hajagusa kazi nyingine.

Mumewe anashuka mgongo umelowa jasho. "Limepanda. Nikamwambia arudie, asimame katikati ya mlima, azime, awashe tena. Limeondoka kama jipya."

"Na wewe je?"

"Mimi nilikuwa macho."

Bi Risasi anacheka, kisha anageukia dirishani kidogo, akijifanya anatafuta kitambaa.

Wawili hao sasa wana mpango. Wanataka kuzungukia viwanja wanakopumzikia madereva wa safari ndefu, mke na vifaa vyake kwenye sanduku, mume wa kuwashawishi wenzake wafungue makasha wakati magari bado ni mazima. Ameshaanza kujizoeza maneno ya kuwaambia.

Wateja anao wa kutosha, kwa nini wahangaike barabarani? Bi Risasi anafunga kasha lililo mbele yake kabla ya kujibu.

"Nikikaa hapa nawasubiri," anasema, "wanaonifikia ni wale waliosalimika tu."