Kifaa cha Kusikia, Saa Saba na Dakika Tano

Fundi wa jenereta wa ofisi yetu pale mtaa wa Hai Jalaba, ambako sote wawili tulikuwa wageni, nilimfundisha minada ya mtandaoni mimi mwenyewe. Alikuwa Mganda, mpole mpaka anakera. Nilimwambia asome gharama ya kusafirisha kabla ya bei ya kitu, maana wauzaji wengi hunyonya watu hapo. Aangalie vitu vya aina hiyo viliuzwa kwa ngapi, si wenyewe wanaomba ngapi. Na asipandishe bei mapema akaamsha waliolala. Atupe yake sekunde za mwisho. Akaandika yote kwenye daftari.

Njia moja sikumwambia. Unaweza kuacha kikomo chako kwa siri, tovuti ya mnada ikakupandishia bei yenyewe hata kama wewe hupo. Hiyo nilijiwekea. Mwalimu anayemaliza yote ni mjinga.

Alikuwa anamtafutia binti yake kifaa cha kusikia, kile cha kuvaa nyuma ya sikio, hata kama kimetumika. Shule huko Gulu ilisema muhula ujao asirudi bila hicho. Siku moja akakipata kizuri, bei ya chini, mnada unaisha Ijumaa saa saba na dakika tano mchana. Alinionyesha kwenye kompyuta yangu, meno yote nje.

Nikakitaka. Mama yangu kule Nyeri alikuwa ameanza kulalamikia masikio, ingawa ukimsengenya alisikia vizuri sana. Nilijiambia damu nzito kuliko maji. Lakini wacha niseme ukweli, iliniuma pia kwamba mwanafunzi ameona kitu kizuri kabla yangu. Ijumaa asubuhi nikaweka kikomo kikubwa, nikanyamaza.

Jenereta ilizimwa kila siku saa saba mchana ipumzike saa nzima, na ikizimwa, mtandao nao umekwenda. Amri ya kuzima ilikuwa yangu, na mara nyingi nilichelewesha kwa ajili ya watu. Siku hiyo alikuja mlangoni mapema.

"Dada, leo naomba dakika kumi tu. Ile kitu ya mtoto inaisha."

"Sheria ni sheria," nikamwambia. "Zima."

Alizima kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikala chapati na maharagwe, nikamaliza.

Saa nane stima iliporudi, alikwenda kwenye kompyuta ya stoo kuangalia. Akaona jina langu ndilo limeshinda. Nilimsikia akija mbio, nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu yangu tayari.

Akaingia akanishika mikono yote miwili.

"Dada, sasa nimeelewa kwa nini ulikataa. Kumbe ulikuwa umenichukulia tayari. Mungu akubariki. Nimepigia mama yake simu, sasa hivi anaeleza mtoto kwa mikono."

"Ni cha mama yangu," nikasema.

Hakuachia mikono yangu mara moja. Nikaivuta mwenyewe, nikamwambia ampigie tena mama wa mtoto, amweleze si chao.